Mkasi wa Fundi wa Nguo: Jinsi ya Kuuchagua na Kuutunza

Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi wa nguo wa Kibondo na Kasulu



Nimeombwa niseme juu ya mkasi. Huenda mmoja wenu akacheka moyoni na kuuliza, Je, mkasi nao una hotuba? Cherehani twaijua kuwa ni mali. Hununuliwa kwa fedha nyingi, hufunikwa kwa kitambaa, huingizwa ndani kila magharibi, na fundi akifa warithi huiulizia. Bali mkasi huachwa juu ya meza. Mtoto huutwaa akakatia karatasi, jirani huuazima akakatia waya, na ukiharibika hununuliwa mwingine sokoni pasipo shauri. Walakini kazi ya kukata yatangulia kazi ya kushona. Kosa la cherehani hufumuliwa: mshono ukienda kombo, uzi huchomolewa na nguo ikashonwa tena. Kosa la mkasi halifumuliki.

Tena kitambaa kinachokatwa aghalabu si mali ya fundi. Mama ameuza maharage yake au mihogo yake, amenunua kitambaa cha sare, amekileta barazani mwezi wa Desemba ili mwanawe aingie shule mwezi wa Januari. Mwaka wa 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hata kidato cha nne, lakini sare ya mtoto imebaki juu ya mzazi. Kitambaa kikiharibika mezani kwa fundi, mama huyo hana maharage mengine ya kuuza. Kwa sababu hii nasema kwamba mkasi ni amana, nao wastahili kuchaguliwa kwa akili.

Zamani watu wa Buha hawakuwa na haja ya mkasi. Walivaa ngozi, na nguo za magome ya miti zilizopondwa kwa nyundo za mti mpaka zikalainika. Baadaye misafara ya biashara ilileta merikani na kaniki mpaka Ujiji, na nguo hizo zilipimwa kwa mkono, zikachanwa, zikavaliwa kama zilivyo. Shuka haitaki mkasi. Kisha reli ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waliporudi, mapenzi ya suruali na shati yalirudi pamoja nao, na mafundi wakaketi na vyerehani vyao katika baraza za maduka. Na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka wa 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, miongoni mwao walikuwamo mafundi hodari wa kushona vitenge, na mitindo yao ikaonekana. Basi nguo ifuatayo umbo la mwili ndiyo iliyouleta mkasi, na kadiri mitindo inavyozidi kuwa ya kupinda na kuzunguka, ndivyo mkasi unavyozidi kutakiwa uwe mwema.

Yafaa tujue kwanza mkasi hukataje. Watu wengi hudhani ya kuwa mkasi ni visu viwili vilivyofungwa pamoja. Sivyo. Kisu hukata kwa ukali wake peke yake. Mkasi hukata kwa kukutana. Mabapa mawili hupitana, nyuzi za kitambaa hubanwa baina yake, zikakatika. Mhunzi wa mikasi huyapinda mabapa hayo kidogo sana, mfano wa upinde uliolegea, hata mkasi ukifungwa mabapa hugusana karibu na parafujo na kwenye ncha, na katikati hubaki mwanya mwembamba. Ukianza kukata, mahali pa kugusana huanza karibu na parafujo, hupasonga mbele polepole mpaka nchani. Kazi yote hufanyika katika nukta ile moja inayotembea. Mabapa yakikosa upinde huo, huachana kabla ya kufika nchani, na kitambaa hukunjwa katikati yake pasipo kukatika. Hilo ndilo tulisemalo kwamba mkasi unatafuna.

Mkasi wa fundi una mambo mengine yasiyo katika mkasi wa nyumbani. Mishikio yake imepinda kwenda juu, ili bapa la chini lilale juu ya meza na mkono ubaki juu, na kitambaa kisiinuliwe. Tundu moja ni kubwa la kuingia vidole vitatu au vinne, na la pili ni dogo la kidole gumba. Urefu wake huwa inchi 8 hata 12. Wa inchi 10 hufaa kazi nyingi. Wa inchi 12 ni wa vitambaa vizito na tabaka nyingi, nao hautaki mkono mwepesi. Na mwenye kutumia mkono wa kushoto ajue kwamba iko mikasi iliyofanywa kwa ajili yake. Akitumia wa mkono wa kulia, vidole vyake huyasukuma mabapa yaachane badala ya kuyakutanisha, naye hujiona si hodari wa kukata, kumbe kosa ni la chombo.

Sasa tutazame mikasi iliyo mashuhuri hufanyika wapi. Mji wa kwanza ni Sheffield wa Uingereza. Karibu na mji huo, kiasi cha mwaka wa 1740, mtengenezaji wa saa jina lake Benjamin Huntsman alitafuta chuma chema cha kamani za saa zake, akayeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa cha namna moja nje na ndani. Chuma hicho kikawapa wahunzi wa visu na mikasi sifa kubwa. Kampuni ya William Whiteley ilianza mwaka wa 1760, na ya Ernest Wright mwaka wa 1902. Katika karakana hizo yupo fundi ambaye kazi yake ni kuyaoanisha mabapa mawili tu: huyagonga kwa nyundo kidogo kidogo, huyatazama katika mwanga, huyagonga tena mpaka yapatane. Mwanafunzi hukaa miaka kabla ya kuaminiwa kazi hiyo. Mwaka wa 2014 ilitokea filamu fupi iliyoonyesha kazi ya fundi wa namna hiyo, na watu wa nchi nyingi wakaagiza mikasi kuliko karakana ilivyoweza kufanya. Hata hivyo mwaka wa 2018 kampuni ya Ernest Wright ilianguka, ikanunuliwa na wengine na kuanzishwa upya. Nawatajia hayo ili mjue kwamba mkasi mwema ni ghali kwa sababu ya mikono ya watu, na mikono hiyo sasa ni michache.

Mji wa pili ni Solingen wa Ujerumani. Tangu mwaka wa 1938 sheria ya huko imelilinda jina la mji huo, lisipigwe chapa ila juu ya visu na mikasi iliyofanyika pale. Mji wa tatu ni Meerut wa India, nao yatupasa tuutazame zaidi, maana mambo yake yanafanana na yetu. Wahunzi wa Meerut wamefanya mikasi kwa muda wa miaka zaidi ya 300. Hawana chuma cha kifahari. Hutwaa vyuma vikuukuu vya magari na reli, wakavifua na kuvinoa, wakavitia mishikio. Mkasi wao husifiwa kwa kuwa ukiisha makali hufunguliwa, ukanolewa, ukarudi kazini, na baba humwachia mwanawe. Mwaka wa 2013 Serikali ya India iliandikisha jina la mikasi ya Meerut katika daftari ya bidhaa zilindwazo kwa jina la mahali zilipotoka.

Lakini majina haya yasiwadanganye. Neno Sheffield au Ujerumani laweza kupigwa chapa juu ya bati lolote. Nchini mwetu iko Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka wa 1963, inayokataza alama za uongo. Lakini sheria haiketi kando ya kila meza ya sokoni. Fundi aliye Kibondo, mbali na viwanda na mbali na maduka makubwa, hana budi kujua kuupima mkasi kwa macho yake, kwa masikio yake na kwa mkono wake. Aendapo kununua na atie mfukoni vipande viwili: kimoja cha kitambaa chepesi cha pamba, na kimoja cha kitambaa kizito cha suruali. Kisha na aujaribu mkasi hivi.

Kwanza, na aufunge mkasi na kuuinua mbele ya mwanga, autazame kwa ubavu. Akiona mwanya mwembamba katikati na mabapa yamekutana nchani, ni dalili njema. Asipoona mwanya hata kidogo, au akiona ncha zimeachana au zimepandana, na aurudishe mezani.

Pili, na aitazame parafujo. Mkasi wa kudumu hufungwa kwa parafujo au kwa nati, viwezavyo kukazwa na kufunguliwa. Uliofungwa kwa msumari uliopondwa haufunguliwi. Ukilegea umekwisha kazi yake.

Tatu, na aufungue na kuufunga polepole karibu na sikio. Mkasi mwema hupita kwa sauti moja laini tangu mwanzo hata mwisho. Ukisikia kukwaruza mahali, hapo pana kasoro ya makali. Kisha na aushike mshikio mmoja, ainue wa pili na kuuachilia. Ukianguka kwa kishindo, umelegea mno. Usipojongea kabisa, umekazwa mno au umepinda. Ukishuka kidogo na kusimama, umefungwa vema.

Nne, na akate kitambaa chepesi, tabaka moja tu, kwa urefu wote wa bapa mpaka nchani. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Wengi hujaribu kwa kitambaa kizito, wakafurahi kuona kimekatika. Lakini kizito husaidia kujikata, na chepesi ndicho hufichua aibu. Mkasi mbaya hukata vizuri mwanzoni, na ukifika nchani husita na kutafuna. Nao mishono ya shingo, ya kwapa na ya mfuko yote hukatwa kwa ncha. Baada ya hapo na akunje kitambaa kizito mara nne, akate tena, autazame ukingo: uwe umenyooka, usiwe na manyoya.

Tano, na autazame mng'ao wake. Mikasi mingine ni chuma laini kilichopakwa madini meupe ya kung'aa, nayo rangi hiyo hubanduka kwenye makali kwa muda mfupi. Mkasi wa kweli huonyesha mistari ya cherehe upande wa ndani wa bapa, mahali uliponolewa. Wengine hutumia sumaku kuujaribu. Haifai, maana sumaku hushika chuma kibaya sawasawa na chema. Tupa ndiyo isemayo kweli: ikipitishwa taratibu juu ya chuma kigumu huteleza, na juu ya chuma laini huuma. Lakini usitie tupa juu ya mkasi usio wako pasipo ruhusa ya mwenyewe, wala usiitie kwenye makali.

Mwenye duka akikataa mkasi wake usijaribiwe, huku akisifu chapa na sanduku, na mkumbuke neno la wazee: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua mtasema, Mkasi mwema una bei, nasi fedha hatuna. Hebu tufanye hesabu. Tuseme fundi hushona suruali 200 za watoto kwa mwaka, na kwa sababu ya mkasi unaosukuma nguo hulazimika kuacha inchi 2 zaidi katika kila suruali ili apate kusawazisha. Amepoteza inchi 400, yaani mita 10 na zaidi. Kama suruali moja ya mtoto hutumia mita moja na robo, basi mkasi wa bei rahisi umekula suruali nane, na mwaka ujao utakula nane nyingine. Tena sijahesabu saa zilizopotea, wala ganzi ya kidole gumba, ambayo wengi wenu mwaijua. Mkono wa fundi hauuzwi dukani.

Shauri langu ni hili. Mafundi kumi wa mji mmoja na wachange, wamtume mmoja aliye mwaminifu na mwenye jicho kali, aende Kigoma, au Mwanza, au Dar es Salaam, akiwa na vipande vyake vya kujaribia. Mtu anunuaye mikasi kumi husikilizwa kuliko anunuaye mmoja. Kabla ya kulipa na apatane na mwenye duka kwamba mkasi utakaoonekana na kasoro utarudishwa, na achukue stakabadhi. Nauli ya mtu mmoja ikigawanywa kwa watu kumi huwa nyepesi.

Wala msidharau mikasi mikuukuu. Wako wazee walioacha kazi, na mikasi yao imelala ndani ya masanduku. Kutu iliyo juu juu si kitu, huondoka kwa mafuta na kitambaa kikavu. Tazama vitu vitatu: je, makali yamechimbwa na kutu mpaka kuwa na vishimo? Je, ncha imevunjika au mabapa yamepindika kwa kuanguka? Je, umenolewa mara nyingi hata bapa limekuwa jembamba? Usipokuwa na kasoro hizo, mkasi mkuukuu wa chuma chema wafaa kuliko mpya wa chuma kibaya. Naye mzee akilipwa bei ya haki, heri imewafikia wawili.

Sasa nasema juu ya kuutunza. Mkasi wa nguo usikate kitu kingine. Karatasi yaonekana laini, lakini ndani yake mna vumbi la udongo mweupe na la mawe, nalo hula makali. Waya na plastiki usiseme. Fundi na awe na mkasi wa pili, mbaya, kwa ajili ya karatasi za vielelezo na kwa ajili ya majirani. Huo na uwe wa kuazimwa. Pini na ziondolewe njiani kabla ya kukata. Jioni na aupanguse mkasi, atie tone moja la mafuta ya cherehani penye parafujo, aufunge na kuuvingirisha katika kitambaa kikavu. Maana katika milima yetu mvua za Oktoba hata Mei hulowesha hewa, na kutu haipigi hodi. Tena usiuache pembeni mwa meza. Kuanguka mara moja sakafuni kwatosha kuuharibu upinde wa mabapa, uliopatikana kwa nyundo na subira.

Na katika yote, jihadharini na kunoa. Yuko mtu apitaye na cherehe juu ya baiskeli, anoaye visu na majembe. Kazi yake kwa visu ni njema. Lakini mkasi haunolewi kama kisu. Hunolewa upande wa nje tu, kwa kuufuata mwinamo ule ule alioutia mhunzi. Upande wa ndani hauguswi, ila kuondolewa taka za chuma kwa kinoo laini, kwa kulaza bapa lote. Ukinolewa ndani, mwanya ule niliousema hupotea, na mkasi haukati tena hata kama ni mkali kama wembe. Tena cherehe ikizungushwa kwa nguvu hutia moto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ujue ugumu wa chuma umeondoka, wala haurudi kwa kunoa. Mikasi mingi mema haikufa kwa kazi. Iliuawa siku iliyopelekwa kunolewa.

Kwa hiyo nawaachia ombi moja. Kibondo na ichague kijana mmoja, na Kasulu mmoja, wenye mikono mitulivu, wajifunze kunoa mikasi ya mafundi na kuioanisha. Buha ilikuwa na wahunzi wake waliofua majembe kabla ya reli kufika. Ujuzi wa chuma si mgeni kwetu. Watu wa Meerut walianza na vyuma vikuukuu na nyundo. Liko Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka wa 1973 kwa ajili ya kazi ndogo ndogo za namna hii; wazee wa mafundi na waende wakaulize msaada wa mafunzo na wa vifaa. Tukipata watu wawili hao, mkasi mmoja mwema utamtumikia fundi miaka mingi, na hatutakuwa watu wa kununua kila mwaka na kutupa kila mwaka.

Maneno yangu yamekwisha. Mwenye swali na aulize. Na kila aliyekuja na mkasi wake na auweke hapa mezani, tuuinue mbele ya mwanga, tuutazame pamoja.